Ufa Utaishia Wapi? Tabia za Mwamba na Upasuaji wa Sheli kwa Presha ya Maji

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi wanafunzi wa jiolojia na uhandisi wa petroli mliojibana mpaka mlangoni, habari za asubuhi.

Kwanza tuelewane kwenye neno. Nikisema sheli leo, sisemi ile ya kujazia mafuta pale barabarani. Nasema mwamba uliotokana na tope laini lililotuama chini ya maji, likafukiwa, likakandamizwa kwa mamilioni ya miaka hadi likawa jiwe lenye kurasa kurasa kama kitabu. Ndani yake mmebaki masalia ya viumbe, tunayaita kerojeni, na humo ndimo gesi na mafuta yalimopikwa.

Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, inatoka kwenye mwamba mchanga, yaani jiwe la punje za mchanga. Ukishatoboa, gesi inajipenyeza yenyewe kati ya punje mpaka kisimani. Sheli haina ukarimu huo. Mwamba mchanga mzuri una upenyevu, yaani wepesi wa kupitisha gesi au maji, wa millidarsi 100, tuseme. Sheli ya Barnett, kule Texas kaskazini, tunaipima kwa nanodarsi. Tuseme 100 pia. Kati ya namba hizo mbili kuna tofauti ya mara milioni moja. Gesi iliyo mita chache tu kutoka kisimani haitafika katika maisha ya mtu, isipokuwa mwamba upasuliwe, yaani ipewe njia fupi.

Kupasua kwenyewe, kwa kusukuma majimaji kisimani kwa presha kubwa, ni kazi ya zamani. Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1947 katika eneo la gesi la Hugoton, Kansas, na Machi 1949 kazi ikaanza kuuzwa kama huduma. Kilichochelewa ni kuielewa sheli. Kampuni ya Mitchell Energy ilichoronga kisima chake cha kwanza cha Barnett mwaka 1981, ikapiga jeli nzito ya gharama mwaka baada ya mwaka, na ni mwaka 1997 na 1998 ndipo wahandisi wake walipojaribu maji matupu yenye dawa kidogo ya kupunguza msuguano. Yakafanya kazi kuliko jeli. Sababu iko kwenye jiwe, na tutaifikia.

Wengi wakipewa sheli mpya huuliza: je, inapasuka? Hilo halina shida. Ukiwa na pampu za kutosha, kila jiwe linapasuka. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni maswali mengine matatu: ufa utaelekea upande gani, utafunguka kwa upana gani, na utaishia wapi. La tatu ndilo linalokula pesa.

Kigae na ugali

Chukueni kigae na donge la ugali. Kibonyezeni kigae: kinakataa, kinakataa, halafu ghafla kinavunjika vipande. Ugali unabonyea tu na alama ya kidole inabaki. Miamba imejipanga katikati ya hivyo viwili. Ukaidi wa kukataa kubonyea tunaupima kwa moduli ya Young, yaani mkazo uliotumika ukiugawa kwa kiasi ambacho jiwe limefupika. Uwiano wa Poisson unaeleza jambo la pili: jiwe likibanwa kutoka juu, linatanuka pembeni kwa kiasi gani, kama unga uliokandwa unavyotanuka chini ya kiganja.

Madini ya kwatzi na kalsaiti yanapandisha moduli. Udongo wa mfinyanzi unaishusha na kupandisha uwiano wa Poisson, na kerojeni, ambayo ni laini, inaishusha pia. Barnett nzuri ina kwatzi asilimia 40 hadi 50, mfinyanzi robo hivi. Ila msihesabu asilimia mkalala. Kwatzi nyingi ya Barnett imetokana na mifupa ya viumbe wadogo wa baharini, ikayeyuka na kuganda upya, ikawa saruji inayoshika jiwe zima. Kwatzi iliyoletwa na mto kama vumbi, ikaelea ndani ya mfinyanzi, inaweza kuwa asilimia ileile na jiwe likabaki laini, kwa sababu punje hazishikani. Maabara itakupa namba moja kwa yote mawili. Hadubini ndiyo itakayokuonyesha tofauti.

Tuchukue sheli mbili na tuzitumie mpaka mwisho. Sheli A: moduli GPa (gigapaskali, kipimo cha mkazo) 35, Poisson 0.22. Sheli B: GPa 15, Poisson 0.32. Kuna kanuni maarufu ya kupima wepesi wa kuvunjika: moduli inawekwa kwenye ngazi ya GPa 7 hadi 55, Poisson kwenye ngazi ya 0.40 kushuka hadi 0.15, kisha unachukua wastani wa asilimia hizo mbili. Sheli A inapata 65. Sheli B inapata 24. Mpaka hapo kila mtu anafurahi: A ni kigae, B ni ugali.

Sasa ingizeni kwenye kanuni hiyohiyo jiwe la chokaa lenye GPa 60 na Poisson 0.28. Linapata 79. Linaishinda sheli A! Kwa kanuni hii basi, chokaa ndiyo ya kupasuliwa kwanza. Na kule Barnett chokaa ndiyo inayouzuia ufa usipite. Kanuni imesahau mkazo. Kwa maoni yangu namba hii imetumika kupita uwezo wake; inafaa kulinganisha sheli na sheli ndani ya kisima kimoja, zaidi ya hapo mtu anajidanganya.

Mkazo, na hesabu ya mkono

Jiwe lililo chini limebanwa pande tatu: uzito wa miamba ya juu, na mikazo miwili ya ulalo, mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Ufa hufunguka kuelekea penye upinzani mdogo, kwa hiyo uso wake husimama wima, ukikabili mkazo mdogo wa ulalo. Maji hayafungui ufa mpaka presha yake iuzidi mkazo huo.

Tufanye hesabu kwa kina cha mita 2,400. Uzito wa juu unakua kwa kPa (kilopaskali) 22.6 kila mita, kwa hiyo ni MPa (megapaskali, kila moja kPa 1,000) 54.2. Presha ya gesi na maji ndani ya vinyweleo vya Barnett inakua kwa kPa 11.75 kila mita hivi, kwa hiyo MPa 28.2. Tofauti yake, MPa 26, ndiyo inayobebwa na punje zenyewe. Sehemu ya huo uzito inageuka kuwa mkazo wa ulalo, nayo ni Poisson kugawa kwa moja toa Poisson. Sheli A: 0.22 kwa 0.78 ni 0.28, mara 26 ni MPa 7.3, ongeza 28.2, unapata 35.5. Sheli B: 0.32 kwa 0.68 ni 0.47, mara 26 ni 12.2, ongeza, unapata 40.4.

Angalieni hiyo tofauti: karibu MPa 5 kati ya sheli mbili zilizo kina kimoja, uzito uleule juu yake, presha ileile ndani yake. Ugali unabanwa kutoka juu, unataka kutanuka pembeni, jirani hauruhusu, basi unasukuma. Ndiyo maana sheli yenye mfinyanzi mwingi ni ngumu kufungua ingawa jiwe lenyewe ni laini.

Upana wa ufa nao una hesabu yake. Chukua kimo cha ufa mita 50, na presha ya ziada juu ya mkazo MPa 3. Katika sheli A katikati ya ufa panafunguka milimita 8. Katika sheli B, milimita 18. Mtu atasema basi B ni bora. Ngojeni kidogo, B itatudai baadaye, mchanga unaosukumwa pamoja na maji ili kuushikilia ufa wazi utakapoanza kuzama. Na milimita 8 hizo ni za ufa mmoja mnyoofu. Ukigawanyika matawi kumi, kila tawi linabaki na chini ya milimita. Kanuni ya mafundi ni kwamba ufa uwe na upana wa angalau mara tatu ya punje, vinginevyo punje zinafanya daraja na kuziba. Ndiyo sababu kazi za maji matupu zinaanza na mchanga laini wa meshi 100, punje za milimita 0.15, kabla ya kuja 40/70, ambao punje zake ni kati ya milimita 0.21 na 0.42.

Viola na jirani yake wa chini

Sasa turudi kwenye chokaa. Mbali na uzito wa juu, ganda la dunia linasukumwa pia kwa ulalo. Likifupika kwa sehemu moja katika elfu kumi, jiwe gumu linapinga zaidi, kwa hiyo linabeba mkazo zaidi: chokaa ya GPa 60 inaongezewa takriban MPa 6, sheli A inaongezewa 3.5 tu. Ukijumlisha na hesabu ya Poisson, chokaa inafika MPa 44, sheli A inabaki 39. Kama presha ya ziada ndani ya ufa ni MPa 3, ufa ukigusa chokaa hauna nguvu ya kuingia. Unasimama, unarefuka ndani ya sheli. Hicho ndicho kizuizi cha mkazo.

Upande wa mashariki wa bonde la Fort Worth, Barnett imekaa kama nyama ndani ya mkate: juu kuna chokaa ya Marble Falls, chini kuna chokaa ya Viola. Visima vya wima vya miaka ya tisini vya kaunti za Wise na Denton vilipigwa presha kubwa na ufa ukabaki nyumbani. Ukielekea magharibi, Viola inakwisha. Ililiwa na mmomonyoko kabla tope la Barnett halijatuama. Chini ya sheli unakutana moja kwa moja na Ellenburger.

Ellenburger ni dolomaiti. Ukiipima kipande chake kizima mezani ni ngumu haswa, na kwa hesabu niliyofanya sasa hivi ingepaswa kuzuia vizuri tu. Lakini ina mapango ya kale na nyufa, na humo mmejaa maji ya chumvi. Ufa ukishuka ukakutana na pango, haujali tena moduli ya kipande kilichopimwa maabara. Kisima kinatoa maji ya chumvi siku baada ya siku, nguzo ya maji inakalia gesi, gesi inashindwa kupanda. Ukishafungua mlango huo hakuna saruji ya uhakika ya kuufunga.

Dawa yake ilikuja baada ya mwaka 2002, visima vya ulalo viliposhika kasi. Kisima cha wima kinahitaji ufa mkubwa mmoja, nao ndio unaoshuka. Kisima cha ulalo kinapitishwa juu zaidi ndani ya sheli, mbali na Ellenburger, na kinapasuliwa vipande vidogo vingi, kila kimoja kwa presha na maji ya kiasi. Huku vinasa mitetemo vikishushwa kisima jirani kusikiliza milio midogo ya jiwe linapovunjika. Milio ikianza kushuka chini ya mpaka wa Barnett, unapunguza kasi ya pampu au unakatisha.

Kwa nini maji yaliishinda jeli

Katika sampuli za Barnett mtaona mistari myeupe, myembamba kama uzi. Hizo ni nyufa za asili zilizozibwa na kalsaiti. Ukitazama haraka utadhani zimepona. Hazijapona: kalsaiti haishikani vizuri na kuta za sheli, na vipande vyenye mstari huo vimeonyesha kuhimili takriban nusu tu ya nguvu ya kuvuta ya vipande visivyo nao. Ni kama bahasha iliyogandishwa kwa mate.

Sasa tazameni mwelekeo. Nyufa hizo nyingi zimelala magharibi-kaskazini-magharibi kwenda mashariki-kusini-mashariki. Mkazo mkubwa wa ulalo wa leo unaelekea kaskazini-mashariki, kwa hiyo ufa tunaoutengeneza unakwenda kaskazini-mashariki na kuzikata zile za asili njiani. Na mikazo miwili ya ulalo pale inakaribiana. Maji yakifika kwenye uzi wa kalsaiti yanaona njia mbili zenye upinzani unaokaribiana, yanachukua zote. Badala ya ufa mmoja unapata mtandao. Maji membamba yanaingia kwenye uzi wa sehemu ya kumi ya milimita. Jeli nzito haiingii, na ikiingia inaacha mabaki yanayoziba. Hiyo ndiyo siri ya 1997.

Msibebe dawa hiyo kila mahali. Katika sheli ya Marcellus, Pennsylvania, seti kuu ya nyufa za asili inakwenda karibu sambamba na mkazo mkubwa wa leo, kwa hiyo ufa wa maji hauzikati, unasafiri nazo. Hapo kazi ya kukata wanaachiwa wachorongaji: kisima cha ulalo kinaelekezwa kaskazini-kaskazini-magharibi au kinyume chake ili kizivuke zote. Na katika sheli kama B yetu, isiyo na nyufa za asili na yenye tofauti kubwa kati ya mikazo miwili ya ulalo, maji matupu yanafungua ufa mmoja mpana, mchanga unazama sakafuni kabla haujaenda mbali, sehemu ya juu ya ufa inajifunga tupu. Huko ndiko jeli bado ina kazi. Milimita 18 zile ndizo hizo.

Kurasa za kitabu

Nilisema sheli ni kurasa. Kubana kitabu kwa juu ni rahisi kuliko kukibana kwa ubavu, na sheli ni hivyohivyo: moduli ya ulalo huwa kubwa kuliko ya wima. Uwiano ukiwa 1.5, basi zile MPa 7.3 za sheli A zinakuwa karibu 11, na mkazo wa kufungua unapanda kutoka 35.5 hadi 39 bila kuhesabu msukumo wa ganda la dunia. Mhandisi aliyetumia kanuni ya jiwe lisilo na kurasa atashangaa kwa nini pampu zinafika kikomo mapema.

Kurasa zina ubaya mwingine. Mahali zinapoachana kirahisi, ufa wa wima ukifika pale unapinda, unalala, unasogea hatua kadhaa, kisha unapanda tena. Kwenye kona hiyo upana unakuwa mdogo na mchanga unakwama. Sheli ya Vaca Muerta ya Argentina inajulikana kwa hilo: ina matabaka ya majivu ya volkano yaliyogeuka mfinyanzi, na mishipa ya kalsaiti iliyolala sambamba na kurasa. Ishara ya kuangalia ni presha inayobaki mara tu pampu zinapozimwa. Igawe kwa kina. Ikikaribia kPa 22.6 kwa mita, uzito wa miamba ya juu wenyewe, basi huenda ufa umelala na unainua dunia.

Kupima haya, logi ya mawimbi ya sauti, yaani rekodi inayochukuliwa ndani ya kisima, inakupa kasi mbili: ya wimbi la kubana na ya wimbi la kukata. Kasi ya kwanza mita 4,000 kwa sekunde, ya pili 2,450, uzito kilo 2,500 kwa mita ya ujazo: unapata Poisson 0.20 na moduli GPa 36. Lakini wimbi la sauti linalitikisa jiwe kidogo mno kwa muda mfupi mno. Ukilibana polepole kwenye mashine, moduli inatoka chini, mara nyingine kwa theluthi. Kwa hiyo sampuli lazima ziwepo za kusahihisha logi, na sampuli hizo zifungwe kwa plastiki na nta zikitoka tu kisimani. Zikikauka, mfinyanzi unasinyaa na jiwe linajifanya gumu kuliko lilivyo. Pia pitisha jaribio dogo la maji kabla ya kazi kubwa: mita za ujazo chache, zima pampu, rekodi presha ikishuka, na uwe na subira. Katika nanodarsi ufa unachukua saa nyingi, hata siku, kujifunga. Wanaofunga vifaa baada ya saa mbili wanaondoka na grafu isiyosema kitu.

Kipande kimoja, dakika kwa dakika

Tuingie sasa kazini. Kipande cha kisima cha mita 60, makundi manne ya matundu yaliyotobolewa kwenye bomba la kisima kila mita 15, kila kundi matundu sita ya milimita 10. Jumla 24. Kasi ya kusukuma ni mita za ujazo 13 kwa dakika.

Kwanza asidi ya hidrokloriki ya asilimia 15, mita za ujazo nne hivi. Inasafisha saruji kwenye matundu na kula kalsaiti. Kwenye sheli yenye kalsaiti nyingi utaiona presha ikishuka waziwazi asidi ikifika, kwenye ya mfinyanzi haitikisiki sana. Kisha maji yasiyo na mchanga ya kufungua ufa, mita za ujazo 150 hivi. Ndipo mchanga wa meshi 100 kwa kilo 30 kwa kila mita ya ujazo, unapandishwa ngazi kwa ngazi mpaka 150, halafu 40/70.

Kumbukeni umbali. Bomba la inchi tano na nusu lenye urefu wa mita 4,000 linabeba mita za ujazo 46. Kwa kasi yetu, mchanga unaouona juu unafika kwenye matundu baada ya dakika tatu na nusu. Tuseme uko kwenye kilo 150. Presha inaanza kupanda, MPa moja, mbili. Ukikata mchanga sekunde hiyohiyo, bado kuna karibu tani saba ndani ya bomba zinazoelekea kwenye ufa uliokwisha kuanza kuziba. Ndiyo maana fundi hodari anaitazama presha ikiwa bado tulivu na anakataa kupanda ngazi nyingine ikiwa ile iliyotangulia haijafika chini na kukubalika. Akichelewa, kisima kinakabwa: presha inaruka mpaka kikomo, pampu zinajizima, na kazi ya siku inageuka kuwa ya kuosha mchanga kwa bomba la kukunjwa.

Sasa unganisheni na mwamba. Kati ya yale makundi manne, mawili yako kwenye sheli A na mawili yameangukia B. Tofauti ya mkazo ni MPa 5, tulishaihesabu. Maji yatakwenda A yote, isipokuwa matundu yenyewe yawe na upinzani unaoizidi tofauti hiyo. Kwa matundu 24, kasi kwenye kila tundu ni mita 115 kwa sekunde, na msuguano unakula karibu MPa 9. Inatosha, kila kundi linapata. Mtu akisema aongeze matundu yawe 48 ili gesi ipite vizuri, msuguano unashuka mara nne, MPa 2 na kitu. B haipati hata ndoo. Na hata kwa 24 usilale: mchanga unatafuna tundu, la milimita 10 linakuwa 12, upinzani unashuka zaidi ya nusu kabla kazi haijaisha, na B inaanza kufungwa nje. Bora zaidi ni kutochanganya. Pitia logi, panga makundi yenye mkazo unaofanana kwenye kipande kimoja, hata kama vipande vitatofautiana urefu. Ofisini watalalamika kwamba mchoro haupendezi.

Pampu zikishazimwa

Ufa unajifunga juu ya mchanga, na hapo ulaini wa jiwe unadai deni lake. Punje ya milimita 0.3 ikizama milimita 0.1 kila ukuta, njia iliyobaki ni theluthi moja. Sheli ya Haynesville, mpakani mwa Louisiana na Texas, iko kina cha mita 3,200 hadi 4,100, ina joto kali na presha kubwa ya ndani. Ukifungua kisima kwa pupa, presha ndani ya ufa inashuka ghafla na mkazo mzima unaiangukia punje. Inazama au inasagika. Waendeshaji wengi kule walijifunza kubana vali ya juu na kukubali gesi kidogo miezi ya mwanzo ili ufa usife. Mchanga wa kawaida huanza kusagika vibaya mkazo ukikaribia MPa 40, ndipo hufikiriwa wa kauri.

Mfinyanzi na maji, nitapita haraka. Sio kila mfinyanzi unavimba. Smektaiti ndiyo mkorofi, na sheli za kina kirefu nyingi zimeshageuza smektaiti yao kuwa ilaiti, isiyovimba. Pima kabla ya kununua kloridi ya potasiamu, chumvi ya kuzuia kuvimba, kwa malori. Maji mengi uliyosukuma hayarudi, mara nyingi chini ya nusu, kwa sababu jiwe lenyewe linayanyonya. Hilo peke yake si dalili ya kazi mbovu.

La kuogopa ni mpasuko mkubwa wa kale unaoweza kuteleza. Katika kisima cha Preese Hall, Lancashire, Uingereza, maji yaliingia kwenye mpasuko wa aina hiyo, na tarehe 1 Aprili 2011 Blackpool ikatikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 2.3. Mwezi uliofuata likaja la 1.5. Agosti 2019, kwenye Preston New Road si mbali na hapo, likaja la 2.9, na Novemba serikali ikasitisha kazi hiyo England. Hakuna anayesema matetemeko hayo yaliangusha mji. Lakini mpasuko ukiwa tayari umebanwa karibu na kuteleza, unahitaji presha ndogo tu ya maji ndani yake kulegea. Picha za mitetemo ya pande tatu zichukuliwe kabla ya kuchoronga, na kipande kinachogusa mpasuko kiachwe bila kupasuliwa. Mita 60 za kisima ni hasara ndogo.

Hapa mezani kuna sampuli tatu. Ile ya kushoto ina uzi wa kalsaiti. Shikeni kila upande, muukunje taratibu, mtaona utakapoanzia kuachia. Ya katikati jaribuni kuigawa kwa ukucha kwenye kurasa zake. Ya kulia ni chokaa, msiumie vidole. Mwenye swali aanze wakati wengine wanazipitisha.